Taa Sikivu katika Nyumba ya Bwana Kalage

Hii si nchi yetu. Naanza na hilo mapema ili baadaye tusije tukaitana mahali. Nchi ninayoisimulia iko mbali huko, na wala haina jina, kwa kuwa jina lake lilipelekwa kwenye tume ili libadilishwe, na tume haijarudi mpaka leo.

Katika nchi hiyo kulikuwa na Wizara ya Mwanga, na Waziri wake aliitwa Mheshimiwa Kibabage. Mheshimiwa alikwenda ng'ambo kwenye mkutano, akalala hoteli moja ambayo ukisema "washa," taa zinawaka zenyewe. Mtu mwingine angefurahi. Yeye alikasirika. Aliposhuka kwenye ndege aliwakuta waandishi wa habari, akawahutubia pale pale, mkoba ungali mkononi.

"Yaani duniani kuna taa zinazotii, na sisi huku bado tunabonyeza! Mtu mzima, mkurugenzi, ananyanyuka kwenye kiti chake, anatembea mpaka ukutani, anatumia kidole! Kidole, ndugu zangu! Swichi ni mabaki ya mkoloni, na mimi nitazing'oa."

Akazing'oa kweli. Mafundi wa wizara walipita Mtaa wa Maofisa na nyundo, wakatoa swichi zote, wakaziba matundu kwa saruji na kupaka rangi juu yake. Mishumaa ikakusanywa, vibatari vikakusanywa, tochi zikachukuliwa kwa usalama wa taifa. Mpishi wa nyumba moja alikutwa na kiberiti, akaulizwa cha nini. Alipojibu kuwa ni cha jiko, wakatazamana, wakaandika jina lake.

Badala ya swichi zikaja Taa Sikivu. Lakini msidhani Mheshimiwa aliziacha kama alivyozikuta ng'ambo. Alisema taa inayosikiliza neno ni taa ya hatari, maana neno hata mwizi anaweza kulitamka. Taa ya taifa isikilize adabu. Kwa hiyo wataalamu wakazifundisha hivi: kila taa iijue sauti ya mwenye nyumba anapokuwa na adabu. Ikiisikia sauti hiyo, iwake. Ikiisikia tena, izime. Neno lenyewe halikuwa na kazi. Hata ungesema "mchicha," ilimradi umeusema kwa adabu, taa ingewaka.

Mnacheka? Haya, chekeni. Mimi nasimulia tu.

*

Sasa yumo mtu katika nchi hiyo aitwaye Yoramu Kalage, Msaidizi wa Waziri wa Mwanga, na huyu ndiye mtu wetu. Nyumbani kwake alikuwa simba. Akiingia mlangoni, mkewe Mama Tumsifu alipunguza redio, na binti yao Tumsifu, wa darasa la sita, aliacha kuchezesha miguu chini ya meza. Bwana Kalage alikuwa na sauti nzito ya kifuani, na wakati wa chakula aliitumia kusimulia mambo ya ofisini.

"Leo nimemwambia Waziri," angesema, akimega ugali. "Nimemwambia, Mheshimiwa, hapana! Hilo halikubaliki! Akaniangalia. Nami nikamwangalia."

"Kisha akasema nini, baba?" Tumsifu angeuliza.

"Aseme nini? Akakaa chini."

Ukweli ni kwamba aliyekaa chini alikuwa Bwana Kalage. Na kabla ya kukaa aliomba ruhusa, na alipokaa alikalia ncha ya kiti kana kwamba kiti chenyewe kina cheo kikubwa kuliko yeye. Mbele ya Waziri ile sauti ya kifuani ilimpanda mpaka puani, ikawa nyembamba, ikawa na majimaji. "Ndiyo mkuu. Hakika mkuu. Naomba radhi mkuu kwa kupumua karibu nawe." Hili la kupumua alilisema kweli, mbele ya watu, na Waziri akamsamehe.

Haya angeweza kuyabeba, maana wizara nzima iliongea hivyo hivyo. Jambo lililomsumbua lilikuwa Kwambuzi.

Kwambuzi ni kijiji alikozaliwa, juu mlimani. Zahanati ya huko haina umeme. Nguzo zilifika bondeni, zikalazwa chini zikingoja agizo, na mbuzi wakapata pa kujikuna. Kinamama wanajifungua kwa tochi ya simu. Mama yake mzazi, Bibi Nakijwa, alimwomba amwambie Waziri atoe hilo agizo, basi. Neno moja. Bwana Kalage akamjibu kwa ile sauti ya kifuani, "Mama, nimeshamwambia. Uso kwa uso. Nimemkaripia kabisa." Bibi Nakijwa akalipeleka jibu hilo kanisani, kisimani na sokoni, na Kwambuzi nzima ikawa inatembea kifua mbele kwa ajili ya kijana wao anayemkaripia Waziri.

Alikuwa hajasema kitu. Kila alipokaribia kulisema, shingo ilimlegea, akajikuta amesifia tai ya Mheshimiwa.

*

Siku ya kuzipa taa sauti za wenye nyumba iliitwa Kiapo cha Sauti. Katika nchi zenye akili fupi fundi angekuja nyumbani, ukaongea naye kidogo, akaondoka. Lakini katika nchi hii ofisa hafanyi jambo la maana ila mbele ya mkubwa wake. Hata waliooa walioa mbele ya mkubwa, na mmoja aliwahi kuahirisha kupata nimonia mpaka mkurugenzi wake arudi kutoka likizo.

Basi wakapangwa foleni katika ofisi ya Waziri. Mheshimiwa alikaa mezani akila korosho, na kila ofisa alisogea mbele ya kipaza sauti akaongea kwa adabu mpaka fundi aseme inatosha.

Bwana Kalage alipofika alisahau hotuba yake. "Mkuu wangu," akaanza, na kile kitu puani kikafunguka. "Mkuu wangu mwema, sisi ni nani hata tuwashiwe taa? Tulizoea giza mkuu, giza lilitutosha, lakini huruma yako…" Aliendelea hivyo. Akajikuta machozi yanamtoka, na hakujua ni ya nini. Fundi akampongeza, akasema hajapata kusikia sauti safi kama ile.

"Huyu," alisema Waziri, akipangusa chumvi ya korosho vidoleni, "ndiye kielelezo. Nyumba yake ndiyo itakuwa Kaya ya Mfano. Uzinduzi nitakuja kuufanya mwenyewe."

*

Jioni ya kwanza Bwana Kalage aliwakusanya mkewe na mwanawe sebuleni, jua likizama. Akasimama katikati, mikono nyuma.

"Washa!" akanguruma.

Kimya.

"Nimesema, washa!"

Giza likasogea kidogo. Tumsifu akasema labda taa zimelala. Mama Tumsifu akajaribu naye, akasema "jamani taa, tafadhali," lakini taa zilimjua mwenye nyumba tu. Bwana Kalage akampigia fundi simu, naye fundi akajibu kwa upole wa kiserikali kwamba sauti hiyo haimo. "Ongea kama ulivyoongea siku ile, bosi. Ile ndiyo yako."

Hapo ndipo alipoelewa. Alimtazama mkewe, kisha mwanawe ambaye juzi tu alimwandikia insha ya shuleni isemayo Baba Yangu Haogopi Mtu. Akakohoa.

"Ngojeni nimpigie Waziri," akasema. "Nimweleze taa zake hazifai."

Akaingia stoo, akafunga mlango, akasimama kati ya gunia la mchele na ndoo za deki. Akajitazama moyoni, akaona aibu, akaimeza. "Mkuu wangu," akanong'ona. "Naomba radhi mkuu. Sisi ni nani, mkuu?"

Nyumba nzima ikawaka. Huko sebuleni Tumsifu alipiga makofi.

Akatoka stoo akipangusa unga wa mchele begani. "Nimemwambia," akasema kwa sauti ya kifuani. "Nimempa dakika tu, basi. Mmeona?"

Wakaona. Na kuanzia hapo ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile. Jua likizama Bwana Kalage anakwenda stoo kumkaripia Waziri, na wakati wa kulala anarudi kumkaripia tena. Mama Tumsifu alikuwa akipita karibu na mlango ule na sufuria zake, na hakuuliza kitu. Ila siku moja mumewe alikuta amewekewa kigoda mle stoo, ili asisimame, na aliyekiweka ni yeye Mama Tumsifu. Bwana Kalage alikiona kile kigoda akashindwa kumtazama mkewe mpaka Jumapili.

Wala hakuwa peke yake. Mtaa wote wa Maofisa, jua likizama, madirisha ya stoo na vyoo yalitoa sauti nyembamba, mkuu wangu, mkuu wangu. Asubuhi wenye nyumba walipishana kwenye magari yao wakisalimiana kwa kishindo, na kila mmoja akaapa hakusikia kitu.

*

Juma la uzinduzi Bibi Nakijwa alishuka mjini. Alifika mchana na kapu la ndizi, akapokelewa, akapewa uji, na mwanawe alipoingia kutoka kazini akamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapa."

Akakaa. Mama yake alikuwa ameshika simu yake ndogo ya kubonyeza, anaizungusha mkononi.

"Unamkumbuka Navoneiwa, binti wa jirani yetu Mzee Elinami? Alikuwa na uchungu wa kujifungua. Mkunga aliniita nimshikie taa. Nikamshikia kwa simu hii. Ikazima, Yoramu. Katikati ya kazi ikaisha chaji. Mkunga akapapasa. Mama mtu yupo, anaendelea vizuri. Mtoto tulimzika kesho yake. Alikuwa wa kiume."

Bwana Kalage alisema pole. Neno lilitoka dogo.

"Sikuja kwa pole," alisema Bibi Nakijwa. "Watu wananiuliza, huyo Waziri anayekaripiwa na mwanao, mbona hasikii? Mimi nikasema labda amesahau. Si ulimwambia?"

"Nilimwambia, mama."

"Ukamkaripia?"

"Nikamkaripia."

"Basi vizuri. Nasikia anakuja hapa. Nitakaa palepale nyuma yako. Utamwambia nikisikia kwa masikio yangu, niende nikawaambie Kwambuzi. Tena usimkaripie, ni mgeni. Mwambie tu."

Usiku ule hakula. Asubuhi alijifungia bafuni, akajitazama kwenye kioo, akafanya mazoezi. Ilikuwa sentensi moja: Mheshimiwa, zahanati ya Kwambuzi haina umeme na mtoto amefia gizani. Aliisema kwa sauti yake nzito, ikasimama vizuri. Akairudia tena na tena mpaka akaiamini. Mbele ya kioo alikuwa mwanaume kweli.

*

Mheshimiwa Kibabage alikuja jioni na msafara, na wapiga picha wa televisheni, na kwaya ya wizara iliyoimba wimbo kuhusu balbu. Mapazia yalifungwa ili giza liwe la kutosha. Maofisa wa mtaa mzima walibanana sebuleni na wake zao. Bibi Nakijwa, kitenge chake kimefungwa vizuri, alikaa kwenye kiti nyuma ya mwanawe.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "leo tunakiaga kidole. Kidole kimelitumikia taifa hili kwa uaminifu. Kimebonyeza, kimechoka. Sasa kipumzike! Kuanzia leo, mwanga wa nchi hii utaletwa na heshima!" Makofi. "Wapo wanaouliza, je, wale wasio na umeme kabisa? Nawajibu: hao hawakuwa na swichi, kwa hiyo wao wametutangulia!"

Makofi yalikuwa makubwa zaidi. Kisha Waziri akamgeukia mwenye nyumba. "Bwana Kalage, sema neno lolote. Tuone."

Nyuma yake Bibi Nakijwa alimgusa mgongoni kwa kidole. "Mwambie sasa, mwanangu."

Bwana Kalage akavuta pumzi.

"Mheshimiwa," akasema, na ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile ya kifuani, na taa hazikuthubutu kuwaka. "Zahanati ya Kwambuzi…"

Alimsikia mama yake akijiweka sawa kitini. Alimwona mkewe ameshika kingo za khanga yake, anamtazama kama mtu anayemwombea.

Waziri aligeuka taratibu. Tabasamu lilikuwa bado limebaki, lakini macho yalikuwa yameshaondoka. "Zahanati ya Kwambuzi imefanya nini?"

Na hapo, ndugu zangu, shingo ikalegea.

"Imefurahi, mkuu wangu," akasema kwa pua.

Taa zikawaka. Watu wakapiga vigelegele.

"Imefurahi mno, mkuu, mpaka imeshindwa kulala." Taa zikazima. Watu wakacheka kwa furaha, wakidhani ni mapambo ya sherehe. Alitaka kunyamaza. Naapa alitaka, lakini kinywa kilikuwa kimeshashika njia yake. "Inakushukuru, mkuu, sisi ni nani?" Zikawaka. "Mama zetu kule, mkuu wangu, sasa wanajifungulia kwenye mwanga wako."

Zikazima.

Kwa hiyo uongo ule mkubwa kuliko wote ulibaki naye gizani. Hakuna aliyemwona usoni. Alisikia kiti kikisogea nyuma yake, na pumzi ya mama yake, fupi, kama ya mtu aliyeungua kidole jikoni.

"Naomba radhi, mkuu," akasema, na hakujua anamwambia nani. Zikawaka.

Bibi Nakijwa alikuwa anamtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anamtazama kama unavyomtazama mtu aliyekusalimia njiani kwa kukufananisha.

"Mmesikia!" alisema Waziri, akizielekea kamera. "Sikusema mimi. Amesema mwana wa Kwambuzi mwenyewe! Kwambuzi ina mwanga! Katibu, Kwambuzi imekamilika. Na zile nguzo zilizolala bondeni bila kazi zihamishwe zije hapa, tuweke Taa Sikivu barabarani, ili na gari la ofisa liweze kuomba njia kwa adabu."

Kwaya ikaanza tena wimbo wa balbu. Bwana Kalage alipiga makofi pamoja na wengine. Mikono yake ilijipiga yenyewe.

*

Wageni waliondoka mapema, maana kila mmoja alikuwa na stoo yake ya kuwahi. Mama Tumsifu aliandaa chakula, akamtengea mwanawe, akakaa. Bibi Nakijwa alikataa kula, akaenda chumba cha wageni, akaanza kupanga vitu vyake kapuni. Bwana Kalage akamfuata, akasimama mlangoni.

"Mama."

"Naam."

"Mama, hujui jinsi mambo ya ofisini yalivyo."

"Sijui," alisema Bibi Nakijwa, akikunja kitenge. "Siku zote ulizoniambia umemkaripia, ni kwa sauti ile?"

Bwana Kalage akaanza kukwangua rangi ya mlango kwa ukucha.

"Ungeniambia tu kwamba huwezi," alisema mama yake, polepole, bila kumtazama. "Si aibu mtu kushindwa. Tungemtuma mtu mwingine. Navoneiwa mwenyewe angekuja. Sisi tulikaa tumetulia kwa sababu tulikuwa na wewe."

Bwana Kalage aliinamisha uso. Alitamani amkaripie mtu, yeyote, lakini hakuwepo wa kumkaripia. Aliona aibu ya miaka yote ile ikimjia kwa pamoja, ile ya ofisini na ile ya stoo, na kigoda kile, na insha ya mtoto.

Bibi Nakijwa alipanda kitandani, akajifunika mpaka mabegani. Juu yake balbu ilikuwa inawaka kwa nguvu zote.

"Nizimie taa, Yoramu. Nimechoka. Nina safari alfajiri."

"Zima," alisema Bwana Kalage kwa sauti ya kifuani.

Taa haikutikisika.

"Zima!"

Mama yake alikuwa anangoja, mkono juu ya macho. Ukuta ulikuwa laini, hauna swichi, alama tu ya saruji chini ya rangi. Stoo ilikuwa mwisho wa ukumbi, na kufika huko ni kupita mezani, mbele ya mkewe na mwanawe. Na kukimbilia stoo sasa, kumficha nani?

Basi akasimama palepale mlangoni, akakunja mikono tumboni, akainama kidogo.

"Mkuu wangu," akasema kwa pua, mbele ya mama yake. "Naomba radhi, mkuu. Sisi ni nani?"

Nyumba nzima ikazima. Katika giza lile akasikia kitanda kikilia, na Bibi Nakijwa akageukia ukutani. Kisha kutoka mezani ikaja sauti ya Tumsifu, haina dhihaka yoyote, sauti ya mtoto anayetaka kumalizia chakula chake.

"Baba, na sisi huku hatuoni. Mwombe tena."